Mango, Jamaa wa Bungoma Aliyekata Kichwa cha Joka: Kila Kitu Unachofaa Kujua

Kama umewahi kulala Malakisi mwezi wa nane, mwaka unaogawanyika kwa mbili, unajua usingizi huko si wako. Kabla jua litoke unaskia umati unapanda kutoka mtoni, nyimbo juu, vumbi juu, na katikati yao kijana amepakwa matope mwili mzima. Hacheki. Haongei. Macho mbele tu. Anaenda kusimama mbele ya kisu.

Sasa uliza mzee yeyote wa Kibukusu hii kitu ilianzia wapi. Wengi hawatakupeleka kwa daktari wala kwa serikali. Watakurudisha kwa nyoka. Na si nyoka wa kukanyagwa shambani. Joka.

Wewe umekesha ukitazama House of the Dragon, unajua majina ya majoka ya kizungu kuliko majina ya binamu zako. Sawa, hatukulaumu. Lakini stori ya joka iko hapa nyumbani, na mwisho wake haufanani na ule wa Ulaya. Tulia tukupangie.

Kwanza, joka ni nini?

Kwa Kiswahili ni rahisi. Chukua nyoka, mkuze mpaka aogopeshe, unapata joka. Mabawa si lazima, wala moto wa mdomoni. Ukisoma Biblia ya Kiswahili, Ufunuo sura ya 12, utakutana na joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi, na malaika Mikaeli anapigana nalo mbinguni. Hiyo sura moja ndiyo iliwapa wachoraji wa makanisa ya Ulaya kazi ya miaka mia nyingi. Wakitaka kuchora uovu wakachora joka. Wakitaka kuchora ushindi, wakachora mtu amelikanyaga shingo.

Kwa hivyo kwa Wakristo wa zama za kati, joka halikuwa tu mnyama mkali. Lilikuwa shetani amevaa magamba.

Majoka matatu ya Ulaya unayofaa kujua

*1. Joka la Beowulf.* Hili ni shairi la Kiingereza cha kale. Nakala yake moja tu ndiyo imebaki duniani, iliandikwa karibu mwaka wa 1000, ikaponea moto mwaka wa 1731, na leo iko maktaba ya taifa huko London. Beowulf ni mfalme mzee, ametawala miaka 50. Mtu anaingia pangoni anaiba kikombe kwa hazina inayolindwa na joka. Joka linaamka na hasira, linachoma nchi. Mzee anaenda kulikabili, na wasee wake wote wanahepa msituni isipokuwa kijana mmoja, Wiglaf. Joka linauawa, lakini Beowulf naye anakufa kwa sumu ya jeraha. Dhahabu yote iliyopiganiwa inazikwa naye. Haikumsaidia mtu.

*2. Fafnir.* Huyu ni wa masimulizi ya Iceland ya karne ya 13. Hakuzaliwa joka. Alimuua babake kwa sababu ya dhahabu, akakaa juu yake mpaka tamaa ikamgeuza joka. Sigurd anayemuua hampigi ana kwa ana. Anachimba shimo njiani, anajificha ndani, anangoja. Joka likipita juu anadunga tumbo kutoka chini. Shika hiyo ya kujificha na kungoja, tutairudia.

*3. Joka la Mtakatifu George.* Hili ndilo maarufu kuliko yote, na hapa utashangaa: kulingana na kitabu kilicholisambaza Ulaya nzima, joka lenyewe lilikuwa Afrika! Jacobus de Voragine, mtawa wa Italia, aliandika miaka ya 1260 kwamba lilikaa ziwani karibu na mji wa Silena, Libya. Watu walilipa kondoo wawili kila siku. Kondoo walipopungua wakaanza kutoa watoto wao kwa kura. Siku moja kura ikaangukia binti wa mfalme. George anapita na farasi wake, anamkuta msupa analia, anajeruhi joka kwa mkuki, kisha anamwambia binti alifunge kwa mshipi wake. Joka linamfuata mpaka mjini kama mbwa. George anawaambia watu wabatizwe, ndipo analimaliza. Mfalme anampa mali, yeye anasema wapeni maskini.

Ukicheki vizuri, kila moja lina bei yake. Beowulf anapata kifo, Sigurd anapata dhahabu yenye laana, na George anapata mji mzima kuingia dini.

Majirani zetu Ethiopia nao?

Hapo ndipo joka la kanisa na joka la Kiafrika yanakutana. Wahabeshi wana stori ya kale ya Arwe, nyoka aliyetawala kama mfalme na kudai kulishwa watu, kabla ya kuuawa na shujaa. Katika masimulizi mengi, ufalme wa Makeda, yule Malkia wa Sheba, unafuata baada ya kifo cha huyo nyoka. Kwa maneno mengine, huwezi kuwa na mfalme wa haki kabla joka halijaondoka kwenye kiti.

George naye ni mtakatifu mkubwa huko. Kanisa lake la Lalibela, lililochongwa kwenda chini ndani ya mwamba mmoja kwa umbo la msalaba, watu husafiri dunia nzima kuliona. Na vita vya Adwa, Machi 1896, Wahabeshi walipowachapa Waitaliano, vilipiganwa siku ya George kwa kalenda yao. Ingia kanisa lolote la Kiorthodoksi la huko na kuna uwezekano mkubwa utamkuta ukutani, farasi mweupe, mkuki chini, joka linajikunja.

Sasa turudi Bungoma: Mango ni nani?

Kwanza, si lile tunda. Mango ni jina la mtu, na Wabukusu wanasema alikuwa wa ukoo wa Bakhurarwa.

Masimulizi hayafanani kila kijiji, lakini uti wa mgongo ni huu. Kulikuwa na joka lililokaa pangoni, na wengi huliita Yabebe. Lilikuwa linameza mifugo na watu. Wanaume wa Kibukusu waliliogopa. Hata majirani zao waliosifika kwa vita, wale Wabukusu huwaita Barwa, yaani watu wa jamii za Kikalenjin kama Wasabaoti, nao hawakuwa wamelimaliza. Kisha joka likagusa nyumba ya Mango. Likaua watoto wake.

Mango akanoa upanga. Watu wakamwambia asijaribu, wengine wakaanza kumlilia kama maiti tayari. Yeye akaenda pangoni wakati joka limetoka kuwinda, akaingia, akajificha, akangoja. Hebu fikiria hiyo saa. Giza, harufu ya mizoga, na hujui litarudi lini. Hakuna kukohoa. Hakuna kutikisika.

Joka likarudi. Likaingia pangoni kwake bila kujua kuna mgeni. Mango akapiga mara moja, kichwa kikatoka. Wanasema kile kichwa kikaruka kikauma mti, na mti ukakauka hapo hapo. Sumu ilikuwa noma hivyo.

Mahali penyewe pamebaki na jina lake: Mwiala wa Mango. Kwa hivyo ukitembea Bungoma, hii si stori ya nchi isiyojulikana. Ina mwamba wake.

Zawadi yake ilikuwa nini?

Hapa ndipo Bungoma inaachana na Ulaya.

Mango hakutoka pangoni na dhahabu. Hakuna mfalme aliyempa binti na nusu ya ufalme. Barwa waliposikia mtu asiyetahiriwa amefanya kitu ambacho mashujaa wao hawakufanya, stori inasema, jambo la kisu likaja mezani. Kwa simulizi moja, wao ndio walisema huyu sasa anastahili. Kwa nyingine, Mango mwenyewe aliomba, amechoka kuitwa mtoto. Kote mwisho ni mmoja: akasimama mbele ya kisu cha majirani, hakupepesa jicho, na kutoka siku hiyo Wabukusu wakaanza kutahiri vijana wao. Wapo wanaosema desturi ilikuwepo zamani ikaachwa, na Mango aliifufua tu. Hata hao wanakubali aliyeirudisha ni yeye.

Wimbo wa Sioyaye, ule unaoimbwa kijana akirudishwa kutoka mtoni na ukiuskia nywele zinasimama, husimuliwa kwamba umetokana na siku hiyo ya Mango.

Kwa hivyo muuaji wa joka wa Ulaya analipwa kitu cha kushika mkononi. Mango alilipwa maumivu na jina la mwanaume. Na alilipwa na watu ambao si wa kabila lake.

Je, kuna ushahidi kwamba desturi ilitoka kwa jirani?

Joka lenyewe hatuwezi kulileta mahakamani. Lakini angalia majina ya marika. Kila Mbukusu aliyetahiriwa ana rika lake, na marika ni manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Sasa enda kwa Wakalenjin uulize marika yao. Utaskia Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige, Nyongi.

Umeona? Si bahati mbaya hiyo. Watu hawa wamekaa pamoja wakapeana vitu vikubwa, mpaka majina ya kuhesabia vizazi.

Vuka mpaka pale Lwakhakha uingie Uganda, kwa ndugu zao Wagisu. Nao hutahiri miaka hiyo hiyo ya shufwa, na stori yao inasema babu yao Masaaba alitaka kuoa binti wa Barwa, akaambiwa hawezi bila kisu. Huko hakuna joka, kuna mapenzi. Lakini kisu kinatoka mlango ule ule.

Kijana wa leo anamuigaje Mango?

Ukijua stori ya pangoni, sherehe yote inaanza kueleweka. Kijana anatafuta njuga za chuma, zile chinyimba, anazunguka kwa jamaa kuwaalika. Anaenda kwa mjomba, ndugu ya mama, ambaye ana fungu lake la heshima katika hii shughuli na nyama ya kumpa. Alfajiri ya siku yenyewe anapelekwa mtoni, anapakwa matope baridi, anarudishwa kwa njia tofauti na ile aliyoendea. Kisha anasimama uwanjani kwa babake, mikono juu, macho mbinguni. Mtahiri anakuja.

Na kazi ya kijana ni moja tu: asitikisike. Ndiyo ile saa ya Mango gizani, imerudiwa mchana mbele ya ukoo mzima. Sigurd naye alijificha akangoja, lakini hakuna kijana wa Iceland leo anayesimama uwanjani kumuiga. Wa Malakisi anasimama.

Siku hizi familia nyingi hupeleka vijana hospitalini, na hata penye mtahiri wa kienyeji, watu wameelewa kwamba kila kijana awe na kisu chake kwa sababu ya maambukizi. Wazee wengine hawapendi hospitali, wanasema hapo hakuna Mango. Wazazi wengine wanawajibu kwamba Mango alitaka watoto waishi, ndio maana aliingia pangoni. Huo mjadala utauskia kila msimu, na pande zote mbili zinamtaja yeye.

Si kila joka la Kenya huuawa

Kabla uanze kudhani sisi wote ni wa kukata vichwa, vuka mpaka Nyakach, upande wa Ziwa Victoria. Huko kuna Omieri, chatu anayeheshimiwa na Wajaluo wa eneo hilo. Akionekana, wengi husema ni dalili ya mvua na mavuno. Mwaka wa 1987 Omieri aliungua kwenye moto wa vichaka, na taifa zima likafuatilia matibabu yake mpaka akafa. Mwaka wa 2003 chatu mwingine alipotokea, watu wakamiminika tena.

Wakikuyu nao walikuwa na Ndamathia, joka la mtoni. Katika sherehe ya ituika, kizazi kimoja kilipokabidhi uongozi kwa kingine, ilisemekana lazima unywele ung'olewe kwenye mkia wake. Haliuawi. Linaibiwa unywele, linaachwa liende. Na bado, ukiangalia, kazi ni ile ile: joka liko mlangoni pale vijana wanapochukua nafasi ya wazee.

Lakini lilikuwepo kweli?

Swali la haki. Nyoka mkubwa kabisa Afrika ni chatu. Anaweza kupita mita tano, na anameza mbuzi bila shida. Lakini chatu hana sumu, anabana tu. Joka la Mango lina mwili wa chatu na sumu ya swila, kwa hivyo kama kulikuwa na nyoka halisi nyuma ya hii stori, wasimulizi wameunganisha wawili.

Mapango nayo ni ya kweli kabisa. Mlima Elgon umejaa mapango, mengine makubwa kiasi cha kuingiza ndovu. Pango la Kitum, ukipanda kutoka Kitale, ndovu huingia gizani kulamba chumvi ya mwamba. Na binadamu pia waliishi kwenye mapango ya huo mlima pamoja na ng'ombe wao. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, aliwakuta huko mwaka wa 1883. Kwa watu waliokaa hivyo, nyoka pangoni hakuwa fumbo. Alikuwa jirani mbaya.

Ukikutana na chatu leo, tafadhali usijifanye Mango. Mwache, uite watu wa wanyamapori. Na ukiumwa na nyoka yeyote, enda hospitali mara moja. Usikatwe jeraha, usinyonywe sumu.

Kwa nini hii stori ni muhimu leo

Malakisi si ya kabila moja. Kuna Wabukusu, Wateso, Wasabaoti, Watachoni, na wengine waliokuja na biashara. Kati ya 1991 na 1993, siasa za vyama vingi zilipoanza kuchemka, Bungoma na Trans Nzoia ziliona mapigano ya kikabila. Nyumba zilichomwa, watu wakafa, na Wabukusu na Wasabaoti wakaangaliana kama maadui. Hawa ndio watu wa ile stori: mmoja aliua joka, mwingine akampa kisu.

Kuna lingine, na hili linatokea karibu kila msimu. Vijana wakishapata moto wa nyimbo, wengine huanza kuwinda wanaume wa jamii zisizotahiri kimila, wawakamate na kuwatahiri kwa nguvu. Wateso na Waturkana wanaoishi huku wanaijua hiyo hofu. Wengine hufunga biashara au husafiri mpaka mwezi uishe.

Wanaofanya hivyo hudhani wanamfuata Mango. Hawajaskia stori vizuri. Mango hakushikwa njiani. Hakuna mtu aliyemvua nguo kwa nguvu. Aliingia pangoni kwa miguu yake, na akasimama mbele ya kisu kwa miguu yake. Bila hiyo hiari, hakuna ushujaa uliobaki, kuna mtu analia na damu tu. Na sheria iko wazi: Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inalinda kila mtu dhidi ya ukatili, uwe wa serikali au wa mtu binafsi. Kumkata mtu kwa lazima ni jinai, si mila.

Tena fikiria vile Silena waliishi. Mji mzima ulitulia mradi kura imeangukia mtoto wa mwingine. Msimu unaofanya jirani ajifungie nyumbani unalisha joka kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hivyo mwezi wa nane ukifika na uwe Malakisi, amka. Toka barabarani utazame huyo kijana wa matope akipita, macho mbele, umati nyuma. Ukijua Kibukusu, imba. Usipojua, piga makofi. Na jirani yako Mteso akitoka nje kutazama pia, mpishe asimame mbele aone vizuri. Hii stori ilianza na watu wawili wa makabila tofauti wamesimama uwanja mmoja, na hakuna aliyekuwa amelazimishwa kuja.